Je, Ukimbizi Ni Sababu ya Kumtoa Binti Kizazi?



Tunawasalimu nyote katika jina la Mwokozi wetu: ninyi mliotoka Kismayo, Chula, Chovai, Koyama na Ngumi, na ninyi mliotoka Kongo, Burundi na Sudan Kusini, ambao Bwana ametukutanisha nanyi ugenini. Mwezi huu tunataka kuzungumza waziwazi juu ya jambo linalosemwa kwa kunong'ona tu. Ni saratani ya ovari, hasa inapompata binti au mke mchanga ambaye bado hajazaa.

Madaktari wanayo njia ya kuondoa uvimbe huo na kumbakizia binti uwezo wa kuzaa, kama ugonjwa unaruhusu. Lakini njia hiyo ina sharti: mgonjwa lazima arudi hospitali kuchunguzwa mara kwa mara, kwa miaka. Sisi ni wakimbizi. Wengi wetu hatujui mwakani tutakuwa wapi. Basi swali letu ni hili: je, ni haki kumwondolea binti viungo vyote vya uzazi kwa sababu tu ni maskini, ni mkimbizi, na huenda asirudi?

Tusijibu haraka. Kwanza tuujue ugonjwa wenyewe.

UGONJWA HUU NI NINI?

Mwanamke ameumbwa na ovari mbili, moja kila upande wa kizazi, kila moja na ukubwa wa kama lozi. Ndani yake mna mayai ya uzazi, na ndizo zinazotoa homoni za kike. Ovari inaweza kuota uvimbe. Kwa wanawake wachanga, uvimbe mwingi wa ovari si saratani. Kwa hiyo mtu akiambiwa ana uvimbe asianze kuaga dunia, wala asikae nao nyumbani akingoja upotee.

Saratani za ovari nazo si za aina moja. Ile ya kawaida zaidi huanzia kwenye ngozi ya nje ya ovari au kwenye mirija, nayo huwapata zaidi wanawake waliokwisha kukoma hedhi. Ipo nyingine inayotokana na chembe za mayai yenyewe. Hiyo ni adimu, lakini ndiyo inayowapata zaidi wasichana na wanawake wa chini ya miaka 30. Hukua upesi. Tumbo linaweza kujaa kwa majuma machache tu.

Hapa tuseme neno kwa wazee wa kanisa na kwa akina mama wa jumuiya. Binti ambaye hajaolewa akianza kuvimba tumbo, tunajua minong'ono inavyoenea kutoka bloku moja hadi nyingine. Zaidi ya hayo, baadhi ya uvimbe wa aina hii hutoa homoni ileile ya ujauzito, hata kipimo cha mkojo kikaonyesha kwamba ana mimba na kumbe hana. Binti anaweza kutengwa na meza ya Bwana kwa dhambi asiyoitenda, huku ugonjwa ukimla. Altrasaundi moja ingelionyesha ukweli. Mwaka 1809 huko Kentucky, Marekani, Jane Todd Crawford alidhaniwa kuwa na mimba iliyopitiliza. Daktari Ephraim McDowell alipompima aliona kwamba ni uvimbe wa ovari. Alimfanyia upasuaji kabla dawa za usingizi hazijajulikana, akamtoa uvimbe wa kilo kama 10, na mama yule aliishi miaka zaidi ya 30 baadaye. Ikiwa hata waliomzunguka walikosea, sisi tunaohukumu kwa kutazama gauni tuna hakika gani?

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Tena walisema, mficha uchi hazai. Kwa ugonjwa huu methali zote mbili ni kweli kabisa.

UPASUAJI WA KUBAKIZA UZAZI

Zamani jibu la kawaida lilikuwa kutoa vyote: ovari zote mbili, mirija na kizazi. Hata hivyo, kwa ile saratani kali zaidi itokanayo na chembe za mayai, wasichana wengi walikufa baada ya kukatwa vyote. Mambo yalibadilika katika miaka ya 1970 na 1980 zilipopatikana dawa za saratani za kutiwa kwa dripu, mojawapo ikiwa sisiplatini. Dawa hizo huua aina hii ya saratani vizuri sana. Leo, ugonjwa ukiwahiwa na ukatibiwa ipasavyo, wagonjwa zaidi ya 9 kati ya 10 hupona.

Kwa sababu hiyo upasuaji wenyewe umepungua ukubwa. Daktari hutoa ovari yenye uvimbe pamoja na mrija wake, kwa uangalifu ili uvimbe usipasukie tumboni. Kisha hukagua tumbo lote, huchukua vipande vidogo na maji ya kupimwa, na akikuta ovari ya pili na kizazi ni vizima huviacha mahali pake. Ovari moja yatosha kuleta hedhi na mimba. Hata baada ya dawa, wengi wao hurudia kupata hedhi, na wako waliozaa watoto wazima.

Kwa ile saratani nyingine, ya ngozi ya ovari, kubakiza uzazi kunawezekana tu ikiwa ugonjwa uko hatua ya kwanza kabisa na si wa aina kali. Ukiwa umesambaa, kumbakizia mgonjwa kizazi ni kumbakizia mauti. Ni lazima tuseme ukweli huu, maana yako maombi yanayomtaka Mungu aseme ndiyo pale ambapo vipimo vimekwisha kusema hapana.

SHEHENA NA CHOMBO

Sisi watu wa pwani hatuhitaji kufundishwa habari za dhoruba. Kusi ikichafuka na maji yakiingia chomboni, nahodha hutupa shehena, hata kama ni mali ya maisha yake yote. Nahodha anayekumbatia shehena wakati chombo kinazama hupoteza vyote viwili. Lakini nahodha anayetupa shehena bahari ikiwa shwari, kwa kuogopa tu kwamba labda upepo utakuja, huyo hatumwiti mwangalifu. Tunamwita mharibifu.

Katika Matendo ya Mitume sura ya 27, merikebu aliyosafiri Paulo ilipata dhoruba kali. Angalieni utaratibu wao. Kwanza walitupa sehemu ya shehena. Siku ya tatu wakatupa vyombo vya merikebu. Ngano, iliyokuwa chakula chao, waliitupa mwisho, wakiwa wamekwisha kula na nchi kavu ikiwa karibu. Hawakutupa vyote siku ya kwanza. Walipima hatari, wakatoa kilichohitajika kutolewa.

Ndivyo wanavyofundisha waalimu wa kanisa tangu zamani. Tomaso wa Akwino, katika karne ya 13, alieleza kwamba ni halali kukata kiungo kilichoharibika ili mwili wote upone, kwa kuwa kiungo kipo kwa ajili ya mwili. Mafundisho hayo yana pande mbili. Kiungo kinachoua kikatwe. Kiungo kizima kisikatwe bila sababu. Mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu (1 Kor. 6:19), na hekalu halibomolewi ukuta mzima kwa sababu ya ufa wa ukuta wa pili.

LAKINI SISI NI WAKIMBIZI

Sasa tufike kwenye ugumu wenyewe. Daktari anayemwambia mkimbizi, "Afadhali tutoe vyote," si lazima awe mtu mwenye roho mbaya. Amewaona wanawake waliobakiziwa ovari wakaenda zao wasirudi, na waliporudi, ugonjwa ulikuwa umerudi kabla yao. Anawaza: huyu atapata wapi kibali cha kutoka kambini kila baada ya miezi michache? Nani atamlipia nauli? Kama anatoka visiwani, atapanda mashua hadi Kismayo, na kutoka hapo? Hospitali Kuu ya Kismayo imekuwa ikifanya upasuaji kwa msaada wa Msalaba Mwekundu, lakini saratani humlazimu mtu kwenda Mogadishu, Nairobi au mbali zaidi. Na sote tunajua hali ilivyo tangu misaada ilipopunguzwa sana mwaka 2025.

Hoja hiyo tuipime kwa haki, kwa kutenganisha aina mbili tulizozitaja.

Kwa saratani itokanayo na chembe za mayai, hoja hiyo haisimami. Kumwondolea binti ovari nzima na kizazi kizima hakumwongezei siku za kuishi. Kinachomponya ni kutolewa uvimbe na kupata dawa, pale zinapohitajika. Hata akitolewa vyote, bado itambidi arudi kwa dawa na vipimo. Basi kumtoa kizazi kwa sababu ni maskini ni kumnyang'anya bila kumpa kitu. Hiyo ni dhuluma, hata ikifanywa kwa huruma.

Kwa saratani ya ngozi ya ovari iliyo hatua ya kwanza, hoja ina uzito zaidi. Hapo ovari iliyobaki inaweza kweli kuugua baadaye, na uchunguzi ndio ulinzi. Mwanamke asiyeweza kurudi anabeba hatari kubwa kuliko yule anayeweza. Huyu aelezwe ukweli wote, kisha yeye mwenyewe achague. Akisema, "Mimi naogopa, nitoeni vyote," hajatenda dhambi. Akisema, "Nibakizieni, nitarudi," hajamjaribu Mungu. Wengine huzaa kwanza, kisha hurudi kumalizia upasuaji.

Kuna jambo moja zaidi. Mara nyingi daktari haijui aina ya uvimbe mpaka maabara itakapoupima, na majibu huchukua siku au majuma. Kwa binti mchanga ambaye uvimbe wake unaonekana kuwa upande mmoja tu, busara ni kutoa upande ule na kungoja majibu. Kilichokatwa hakirudishwi. Kilichobaki chaweza kutolewa siku nyingine ikilazimu. Lakini maneno hayo, "siku nyingine", yana maana kwa mtu aliye na njia ya kurudi. Kwa hiyo upasuaji wa kubakiza uzazi ni kama agano lenye pande mbili. Daktari anatimiza la kwake kwa kisu. Upande wa pili ni kurudi, na mkimbizi hawezi kuutimiza peke yake.

Basi jibu letu ni hili. Ukimbizi si sababu ya kumtoa binti kizazi. Ukimbizi ni sababu ya jamaa na kanisa kusimama naye mpaka arudi. Tukimwachia peke yake mzigo wa nauli, kibali na safari, sisi ndio tutakaokuwa tumemtoa kizazi, ingawa hatukushika kisu. Katika ile merikebu ya Paulo, mabaharia walitaka kutoroka kwa mashua ndogo wakijifanya wanakwenda kutia nanga. Paulo aliwaambia askari kwamba hao wasipobaki chomboni, wengine hawataokoka. Jamaa wengi hujaa wodini siku ya upasuaji. Ni wangapi hubaki chomboni mwezi wa sita, mwaka wa pili?

NANI AAMUE?

Kwetu neno la mwisho hutolewa na baba, mume, au mjomba, na wakati mwingine na mama mkwe. Ushauri wa wazee ni baraka, nasi hatuudharau. Lakini mwili ni wa yule anayelala mezani. Mume asikatae upasuaji kwa kuogopa kukosa watoto, wala mkwe asidai mahari irudishwe kwa sababu binti ana ovari moja. Mtume Paulo anawaagiza waume wawapende wake zao kama Kristo alivyolipenda kanisa, akajitoa kwa ajili yake (Efe. 5:25). Hakuweka sharti la watoto.

Wale walio chini ya umri wa kuamua, wazazi wao ndio watakaotia sahihi kwenye fomu. Hata hao waelezwe kwa maneno wanayoyaelewa, na waulizwe. Mkalimani asiwe mtu wa mtaa mwenye maneno mengi. Awe mwanamke, kama inawezekana, na mtunza siri.

ASIYEZAA SI MTI MKAVU

Ingekuwa uongo kuandika haya yote kana kwamba kila binti atabakiziwa. Wako watakaotolewa vyote kwa sababu ugonjwa umedai hivyo. Hao watakutana na joto la ghafla na usiku wa kukosa usingizi kabla ya umri wake, na mifupa yao yaweza kudhoofika. Wamwulize daktari kuhusu homoni za kufidia. Na watakutana na sisi. Je, watasikia nini vinywani mwetu?

Penina alimchokoza Hana mwaka baada ya mwaka. Elkana, mumewe, alimuuliza kama yeye hakuwa bora kwake kuliko wana kumi (1 Sam. 1). Tunajua Hana alipata Samweli. Lakini kumbukeni kwamba Elkana alimpenda na kumpa sehemu yake kabla Samweli hajazaliwa. Na katika Isaya 56, Bwana anawakataza wasioweza kuzaa wasijiite miti mikavu. Anawaahidi jina nyumbani mwake lililo bora kuliko wana na binti. Mungu hakusema nao habari za kuponywa utasa wao. Alisema nao habari za nafasi yao nyumbani mwake. Kanisa linalomwita mwanamke "mgumba" kama jina lake linapingana na Bwana aliyempa jina jingine.

TUFANYE NINI?

1. Tumbo likivimba, likijaa gesi au kuuma kwa majuma mawili au matatu, mtu akishiba upesi au akienda haja ndogo kila mara, aende kliniki aombe altrasaundi. Uvimbe wa ovari usikandwe wala kuchanjwa. Maumivu makali ya ghafla ni dharura, maana ovari huweza kujisokota. Asingoje asubuhi.

2. Kabla ya upasuaji, ulizeni: Je, uvimbe uko upande mmoja? Je, ovari ya pili itabaki ikiwa ni nzima? Je, kilichotolewa kitapelekwa maabara? Je, damu itapimwa kabla? Je, anaweza kupelekwa kwa bingwa wa saratani za wanawake? Kenya wapo, na Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, kimekuwa kikiwafundisha mabingwa hao kwa ushirikiano na wenzao wa Toronto, Kanada.

3. Mwahini rufaa. Kwa miongozo ya UNHCR ya mwaka 2009, maombi ya matibabu makubwa hupimwa kwa gharama na kwa tumaini la kupona. Nchini Jordan kati ya 2010 na 2012, maombi ya wakimbizi 511 wenye saratani yalifika mbele ya kamati, na 246 yakakubaliwa. Sababu kubwa ya kukataliwa ilikuwa tumaini dogo la kupona. Binti mwenye saratani ya chembe za mayai ana tumaini kubwa, akifika mapema. Andikeni jambo hilo kwenye ombi, na mwombeni daktari alieleze.

4. Idara ya akina mama iandike kwenye daftari tarehe za kurudi za kila mgonjwa. Sadaka ya jumapili moja ya kila mwezi iwe ya nauli. Jina la mgonjwa lisitangazwe madhabahuni.

5. Mgonjwa akipata uhamisho kwenda nchi nyingine au akirudi nyumbani Kismayo, asafiri na nakala ya ripoti ya upasuaji na ya maabara. Karatasi hiyo ni muhimu kama kadi yake ya ukimbizi.

6. Majirani zetu Waislamu wanaumwa ugonjwa uleule. Nauli ya kanisa isiulize dini.

Tuombe: Baba, uliyeifuma miili yetu matumboni mwa mama zetu, wape madaktari mkono ulio thabiti na moyo wa haki. Wape binti zetu uhai, na ukipenda, watoto. Na sisi utupe uaminifu wa kubaki chomboni hata wote wafike pwani salama. Kwa jina la Yesu, Amina.

Ni sisi watumishi wenu katika Bwana.